Gorila ndani ya pafu: jicho lilifika, daktari hakuona

Daktari ameketi mbele ya skrini. Anatazama picha za CT za kifua cha mtu, mikato mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama boflo lililokatwa vipande, naye anazungusha gurudumu la kipanya, anapanda na kushuka ndani ya mapafu. Kazi aliyopewa ni moja: tafuta vinundu, vile vidoa vyeupe vya mviringo vinavyoweza kuwa mwanzo wa saratani, na kila ukiona kimoja, bofya. Ana dakika 3 kwa kila mgonjwa. Wagonjwa ni 5. Wakati wote huo kifaa kilichowekwa mbele yake kinarekodi macho yake yanakwenda wapi.

Katika picha za mgonjwa wa mwisho, ndani ya pafu, kuna gorila.

Ni gorila hasa. Watafiti walichukua picha ya mtu aliyevaa vazi la gorila, akitikisa ngumi kama mwenye hasira, wakaipachika kwenye pafu. Upana wake ulikuwa milimita 29 na urefu milimita 50, karibu sawa na kiberiti, mara 48 ya ukubwa wa kinundu cha wastani. Mikato ya mgonjwa huyo ilikuwa 239, na gorila alionekana katika 5: alianza akiwa hafifu, akakolea katikati, kisha akafifia tena. Waliotazama ni madaktari 24 wa radiolojia, watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Kati yao 20 hawakumwona.

Utafiti huu ni wa Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe, waliofanya kazi pamoja Boston, katika Hospitali ya Brigham and Women's na Shule ya Tiba ya Harvard. Ulichapishwa mwaka 2013. Mara nyingi husimuliwa kwa sentensi moja, kwamba asilimia 83 ya madaktari hawakuona gorila kwenye mapafu, kisha wasikilizaji hutikisa vichwa na habari huishia hapo. Kwangu hapo ndipo inapoanza. Kazi yangu ni kubuni skrini ambazo watu huzitumia kulipa, kujaza fomu na kuthibitisha mambo, na sijaona kisa kingine kinachoonyesha wazi namna hii ni nini hasa tunachokipima tunaposema tumepima uzingativu wa macho.

Namba inayonishughulisha zaidi siyo 20, ni 12. Kati ya wale 20 ambao hawakumwona gorila, 12 walielekeza macho yao moja kwa moja mahali alipokuwa, wakati alipokuwa anaonekana. Jicho lilifika. Mtu hakuona.

Kiswahili kina akiba nzuri ya maneno kwa jambo hili. Tunasema kutazama, kuangalia, kuona, kutambua, kumaizi. Mama anapomwambia mtoto "nimekwambia uangalie maziwa yasimwagike," mtoto hujitetea kwamba alikuwa anayatazama, na pengine hasemi uongo, kwani macho yalikuwa kwenye sufuria. Kifaa cha kufuatilia macho kinapima kutazama. Ripoti tunazoziandika baada ya hapo huzungumzia kuona, na hatuna haki ya kuruka kutoka neno moja hadi jingine bila kuulizana tumepitia wapi.

Kwanza ni haki tukieleze kifaa chenyewe. Kinamulika jicho kwa mwanga wa infraredi, ambao mtu hauoni. Mwanga huo huacha mng'ao mdogo kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kamera hulinganisha mahali pa mng'ao huo na mahali pa kitovu cha mboni. Jicho likigeuka, umbali kati ya viwili hivi hubadilika. Kabla ya kuanza, mshiriki hutazama vidoa kadhaa kwenye skrini, kimoja baada ya kingine, ili programu ijifunze kwamba jicho hili likiwa hivi, linatazama pale. Baada ya hapo inaweza kusema, mara mamia kwa sekunde, macho yameelekea wapi.

Kuna sababu ya kimaumbile ya kuujali mwelekeo huo. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno. Nyosha mkono wako mbele, tazama ukucha wa dole gumba: eneo unaloliona kwa ukali kwa wakati mmoja ni kama hilo tu, takriban digrii 2. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaupamba. Ndiyo maana jicho halitulii. Linatua mahali kwa takriban robo sekunde, linaruka, linatua tena, mara 3 au 4 kila sekunde, na wakati wa mruko huoni karibu kitu. Kwa hiyo mpimaji huhesabu mituo: jicho lilitua wapi, mara ngapi, kwa muda gani, kwa mpangilio gani.

Vifaa vizuri vya maabara hukosea kwa takriban nusu digrii. Ukiwa umekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, digrii 1 ni kama sentimita 1, kwa hiyo kosa hilo ni nusu sentimita. Kwa gorila wa ukubwa wa kiberiti, kosa la namna hiyo halikuzuii kusema kwamba jicho lilimfikia. Kwa mistari ya maandishi iliyobanana kwenye simu ni habari nyingine kabisa, na nimewahi kusoma ripoti zilizotaja neno ambalo mtu alilisoma, ilhali kifaa kilichotumika kilikuwa kamera ya kawaida ya kompyuta, yenye kosa kubwa mara kadhaa kuliko hilo.

Katika picha za CT kuna ugumu wa ziada, nao ulishughulikiwa kwa uangalifu ninaouheshimu. Picha ya kawaida ina upana na urefu. Mapafu haya yana kina pia. Mtu anaweza kukazia macho pembe ileile ya skrini kwa sekunde 10 huku gurudumu likizunguka, na katika sekunde hizo akawa amepita mikato mingi tofauti. Ukirekodi macho peke yake utasema alimtazama gorila, kumbe wakati ule alikuwa mikato 80 chini yake. Kwa hiyo kila mtuo wa jicho ulioanishwa na mkato uliokuwa wazi wakati huohuo. Hao 12 hawakupita jirani tu. Walikuwa kwenye mkato wenye gorila, na macho yao yalikuwa juu ya gorila.

Wala nafasi haikuwa finyu. Kwa wastani madaktari walipita mahali pa gorila mara 4.3, na walitumia wastani wa sekunde 5.8 kwenye mikato ile 5. Sekunde 5.8 ni muda mrefu kwa jicho, muda wa kutua mara 15 hadi 20 hivi.

Baadaye waliulizwa maswali matatu, na mpangilio wake ni somo zima la mbinu. Kwanza: je, mgonjwa wa mwisho alikuwa tofauti na wengine kwa namna yoyote? Pili: je, uliona kitu kisicho cha kawaida? Tatu: je, uliona gorila? Swali pana lilitangulia na swali bayana likaja mwisho, kwa sababu ukishalitaja gorila huwezi kulifuta kichwani mwa mtu. Kisha wakaonyeshwa tena zile picha. Wote 24 walimwona mara hiyo.

Hilo la mwisho linafunga mlango mmoja muhimu. Kama picha ingekuwa hafifu mno, au gorila angekuwa amefichwa na mishipa ya pafu, wasingemwona hata walipoambiwa. Walimwona. Macho yao yalikuwa mazima, skrini ilikuwa safi, kilichopungua kilikuwa mahali pengine. Wanasaikolojia wanakiita upofu wa kutozingatia, na jambo lenyewe halikuanzia hospitali. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakirushiana mpira, wakawaomba wahesabu pasi. Mtu aliyevaa vazi la gorila alikatiza katikati yao, na takriban nusu ya watazamaji hawakumwona. Gorila wa Boston aliletwa kwa makusudi kutoka kwenye video hiyo. Watafiti walitaka kujua kama utaalamu unakinga. Wahesabu pasi walikuwa watu wa kawaida kwenye kazi ambayo hawajawahi kuifanya. Daktari wa radiolojia amefanya kazi yake kwa miaka, na pafu analijua kama mvuvi anavyoujua mwamba wake.

Jibu lilikuwa la kati na kati. Watu 25 wasio na mafunzo ya tiba walifanya jaribio hilohilo, na hakuna hata mmoja aliyemwona gorila. Madaktari 4 walimwona. Kwa vinundu, ambavyo ndivyo walivyoombwa kuvitafuta, tofauti ilikuwa kubwa: madaktari walivipata asilimia 55, wengine asilimia 12. Utaalamu, kwa hiyo, umenoa macho yao kwa kile wanachokitafuta. Ninavyosoma mimi, kunolewa huko ndiko sehemu ya sababu ya kumkosa gorila, kwa kuwa kipindi chote akili ilikuwa imeshika umbo moja, duara dogo jeupe, na kila kilichoingia jichoni kiliulizwa swali moja tu: wewe ni kinundu? Gorila akajibu hapana, akapita.

Mtafuta cha mvunguni sharti ainame, walisema wazee. Aliyeinama vizuri, ameshika taa, ameelekeza macho yake mvunguni, haoni kilichowekwa juu ya kitanda. Hatuwezi kumlaumu kwa kuinama, maana ndivyo alivyoombwa afanye.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama aibu ya madaktari. Hebu tutazame masharti ya jaribio. Kila mgonjwa alikuwa na vinundu takriban 10 kwa wastani, wingi ambao daktari haukuti kila siku. Aliambiwa atafute vinundu, hakuombwa aandike ripoti ya kifua kizima. Muda ulikuwa na kikomo. Na gorila hayumo katika orodha ya magonjwa ya binadamu. Kumwita mtu mzembe kwa matokeo haya ni kutojua jaribio lilijengwa kupima nini. Pia ni hatari. Katika kesi za uzembe wa kitabibu, shahidi mtaalamu hufungua picha ileile akiwa tayari anajua mgonjwa alipatikana na nini, anaona doa mara moja, na anajiuliza kwa dhati mwenzake alilikosaje. Yuko katika hali ya wale 24 baada ya swali la tatu.

Turudi kwenye 12 na 8. Kwa mtu anayebuni chombo chochote cha kutazamwa, kuwatenganisha hao ni muhimu kuliko asilimia 83. Wale 8 hawakuelekeza macho kwa gorila. Dawa yao, kama ingetafutwa, ni ya njia ya kutazama: namna ya kupita mikato, mwendo, mpangilio. Kwa kutumia macho ya madaktari, Drew na wenzake walieleza mwaka huohuo kwamba kuna wanaotuliza jicho sehemu moja ya pafu na kuchimba chini kupitia mikato, na kuna wanaopekua mkato mzima kabla ya kwenda mwingine. Wachimbaji walikuwa wengi zaidi, na walipata vinundu vingi zaidi. Hayo unaweza kumfundisha mtu. Lakini wale 12 macho yao yalishafika. Ukiwafundisha njia bora ya kupita, utawafikisha palepale walipokwisha kufika.

Mgawanyo huu una historia ndefu katika radiolojia. Mwaka 1978 Harold Kundel, Calvin Nodine na Dennis Carmody walifuatilia macho ya madaktari waliokuwa wakitafuta vinundu kwenye eksrei za kifua, wakachukua vile vilivyokosekana na kuuliza kila kimoja kilikosekanaje. Asilimia 30 jicho halikukaribia. Asilimia 25 jicho lilifika lakini halikukaa muda wa kutosha kutambua. Asilimia 45, kundi kubwa kuliko yote, jicho lilifika na likakaa, mtu akapima moyoni, kisha akaamua vibaya kwamba si kitu. Makosa matatu ambayo kwenye karatasi ya matokeo yanaandikwa kwa neno moja, "alikosa." Bila kufuatilia macho usingeweza kuyatenganisha, na hiyo ndiyo sifa kuu ya kifaa hiki. Ninaposisitiza mipaka yake, sisemi kitupwe. Nasema kisemewe kile kinachokijua.

Kuna swali ambalo hata kifaa pamoja na maswali matatu havikulijibu, nalo lilikwisha kuulizwa na Wolfe mwenyewe mwaka 1999, kabla ya gorila huyu kuingia pafuni. Hatujui kama wale 12 hawakuona kabisa, au waliona kwa kitambo kidogo kisha wakapoteza, kwa kuwa hakuna kilichoshika. Ukimwuliza mtu baada ya kazi kuisha, unapima alichobaki nacho. Kati ya kuona na kukumbuka kuna daraja, na daraja hilo huvunjika upesi kwa kitu ambacho hakikuzingatiwa. Kwa mgonjwa matokeo ni yaleyale. Kwa anayetaka kurekebisha, ni tofauti: aliyeona akasahau anaweza kusaidiwa na kitufe cha kuweka alama papo hapo, asiyeona hasaidiwi na kitufe hicho hata kidogo.

Na kinyume chake kipo pia. Mtu anaweza kuzingatia mahali ambapo jicho halipo. Katika karne ya 19 Hermann von Helmholtz alijifungia na kisanduku chenye giza, ndani kukiwa na herufi, akazimulika kwa cheche moja fupi kiasi kwamba jicho halikuweza kusogea. Aligundua kwamba akiamua mapema azingatie upande fulani, huku macho yamekaza katikati, alizisoma herufi za upande ule. Kila mtoto aliyewahi kukaa darasani anaijua mbinu hiyo, macho kwa mwalimu, akili dirishani kwenye mpira. Kwa hiyo jicho na uzingativu ni ndugu wanaotembea pamoja mara nyingi, na mara nyingine kila mmoja hushika njia yake.

Basi kinachoongoza ni nini? Alfred Yarbus wa Moscow, ambaye majaribio yake yalichapishwa mwaka 1965, alikuwa akigandisha kikombe chenye kioo kidogo juu ya jicho lenyewe, kwa mvuto wa hewa, ili arekodi miondoko yake. Alimwonyesha mtu mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume akiingia ghafla sebuleni na familia ikishtuka, na kila mara alimpa swali jingine. Alipomwuliza umri wa waliomo, macho yalikwenda nyusoni. Alipomwuliza hali ya maisha ya familia, yalikwenda kwenye samani na nguo. Mchoro ni mmoja, mtazamaji ni mmoja, njia za macho zikawa tofauti kabisa. Mistari ile iliyochorwa na jicho ni picha ya swali.

Gorila wa Boston anaongeza kitu juu ya hapo. Swali haliongozi tu jicho liende wapi. Linaamua pia jicho likifika lichukue nini.

Uthibitisho ninaouona mzito kuliko gorila mwenyewe ulikuja mwaka 2021, katika utafiti ulioongozwa na Lauren Williams, Drew naye akiwemo. Safari hii hakukuwa na gorila. Madaktari 50 wa radiolojia walipewa CT ya kifua wakaambiwa watafute vinundu vya mapafu. Picha hiyo ilikuwa na uvimbe mkubwa wa saratani ya titi, na tezi za limfu zilizovimba. Asilimia 66 hawakuripoti saratani ya titi. Asilimia 30 hawakuripoti tezi. Kisha madaktari wengine 30 walipewa kazi pana zaidi, ya kutafuta aina mbalimbali za kasoro. Waliokosa saratani walishuka hadi asilimia 3, na waliokosa tezi hadi asilimia 10. Sipati maneno ya kutosha kueleza uzito wa namba hizi. Skrini, mafunzo na anatomia ni vilevile. Kilichobadilika ni maelekezo, sentensi chache kabla ya kuanza.

Ninapolifikiria hilo, akili yangu inakwenda kwenye fomu ya kuombea picha. Katika hospitali zetu picha nyingi za kifua hupigwa kwa sababu ya kushuku kifua kikuu, na fomu huja na maneno machache: kikohozi, wiki kadhaa, TB? Alama hiyo ya kuuliza ni maelekezo. Inamwambia msomaji ainame wapi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza pia programu za kompyuta za kusoma eksrei za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi, na pale ambapo wasomaji wa picha ni wachache ninaona ni hatua njema. Lakini programu iliyoulizwa TB hujibu TB. Mgonjwa aliyeambiwa "huna" bado ana moyo, mbavu na tezi ndani ya picha hiyohiyo, na lazima pawe na mtu aliyepewa swali pana.

Sasa nije kwenye kazi yangu, ambapo hakuna anayekufa kwa kukosa kuona, ila watu hupoteza fedha. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha kampuni moja tuliyokuwa tukiifanyia ukurasa wa mkopo mdogo. Tulikuwa tumepima macho ya watumiaji, na kwenye ukuta ikaonyeshwa ramani ya joto, yaani picha ya ukurasa iliyopakwa rangi kuonyesha macho yalikaa wapi zaidi: juu ya kisanduku cha ada ya kuchelewa kulipa palikuwa pekundu kama kaa la moto. Chumba kizima kiliridhika. Mimi pia niliridhika, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza wale watu ada ilikuwa kiasi gani. Ukurasa ulipotoka, malalamiko yaliyofuata yalikuwa ya ada hiyohiyo.

Uwekundu kwenye ramani unajumlisha muda. Hausemi muda ule ulikuwa wa nini. Mwaka 1950 Paul Fitts na wenzake, waliokuwa wamepiga filamu macho ya marubani wa Marekani wakitua kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege, walikwisha kutofautisha: kipimo kinachotazamwa mara nyingi huenda ni muhimu, kinachotazamwa kwa muda mrefu kila mara huenda ni kigumu kukisoma. Ramani ya joto inavikoroga viwili hivyo katika rangi moja. Kile kisanduku chetu kilikuwa na sentensi ndefu yenye asilimia ndani ya asilimia. Watu walikaa pale kwa sababu walikwama, kisha wakaendelea bila kuelewa.

Chukua mfano ambao kila msomaji wa Afrika Mashariki ameuishi. Unatuma pesa kwa simu. Kabla ya kukamilisha, jina la mpokeaji linatokea mbele yako. Jicho linalipitia. Unaweka namba ya siri, na dakika moja baadaye unapigia simu huduma kwa wateja kwa sauti ya mtu aliyepotelewa, kwa sababu namba ilikosewa tarakimu moja na jina lilikuwa la mtu usiyemjua kabisa. Kama tungefuatilia macho yako, nina hakika mara nyingi yangetua kwenye lile jina. Ila swali ulilokuwa nalo kichwani lilikuwa "kitufe kinachofuata kiko wapi," na jina la mgeni likajibu "mimi si kitufe."

Ndiyo sababu nimebadilisha namna ninavyopima. Macho bado nayarekodi, kwa kuwa bila hayo nisingejua kama mtu hakufika au alifika akapita, na marekebisho ni tofauti. Lakini baada ya kazi nauliza kwa mpangilio uleule wa Boston, pana kwanza, bayana mwisho, kisha nawaonyesha tena. Na ndani ya jaribio lenyewe naweka jambo ambalo lazima limbadilishe mtu mwendo kama ameliona: kati ya miamala kadhaa ya mazoezi yenye majina sahihi, mmoja unaleta jina ambalo siye. Simwambii atafute kosa, maana nikimwambia nitakuwa nimempa swali ambalo nyumbani kwake hatakuwa nalo. Namwambia amtumie shangazi yake pesa ya dawa, kama anavyofanya kila mwezi, na ninatazama kidole chake. Kikisita juu ya kitufe, hapo ninaandika kwamba aliona.